Hesabu ya Pwani Inapopanda Iwawa: Uchambuzi wa Hitilafu katika Programu za Angahewa

Utabiri wa hali ya hewa na makadirio ya tabianchi hutegemea programu za kompyuta za aina mbili ambazo msomaji wa kawaida huzichanganya. Ya kwanza ni modeli yenyewe, yaani programu inayoigawa angahewa katika visanduku vingi na kukokotoa, kwa kanuni za fizikia, jinsi joto, upepo na unyevu unavyobadilika katika kila kisanduku. Ya pili ni programu ya uchambuzi, ambayo huyapokea mamilioni ya namba yaliyotemwa na modeli na kuyageuza kuwa vitu vinavyoeleweka: halijoto ya Njombe saa tisa alasiri, jumla ya mvua ya Novemba, kasi ya upepo juu ya Makambako. Modeli huandikwa na taasisi kubwa na kukaguliwa na watu wengi kwa miaka mingi. Programu ya uchambuzi, kinyume chake, mara nyingi huandikwa na mtafiti mmoja kwa haja ya wiki moja, kisha hurithiwa na wanafunzi na wenzake ambao hawana sababu ya kuifungua ndani. Ndiyo maana hitilafu ya hesabu iliyo katika programu ya pili inaweza kuishi muda mrefu kuliko iliyo katika ya kwanza, na ndiyo maana swali la jinsi inavyogunduliwa, na lini ihesabiwe kuwa imerekebishwa kweli, linastahili kuchambuliwa peke yake.

Mahali pa kulichambulia si lazima pawe maabara ya Ulaya. Iwawa, makao makuu ya Wilaya ya Makete katika Mkoa wa Njombe, mkoa uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, ipo katika eneo ambalo hupima hesabu za angahewa kwa ukali usiopatikana pwani. Katika umbali usiofika kilomita 100, ardhi hupanda kutoka Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, hadi uwanda wa Kitulo unaozidi mita 2,600 na kilele cha Mtorwi katika safu ya Kipengere chenye mita 2,961. Kwa upande mwingine, ERA5, hifadhidata ya Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Hali ya Hewa, ECMWF, inayotumiwa na watafiti wengi wa Afrika Mashariki, ina visanduku vyenye upana wa robo digrii, sawa na kilomita 28 hivi. Kisanduku kimoja cha namna hiyo humeza bonde, mteremko na mlima, kisha hutoa namba moja tu. Programu inayoichukua namba hiyo na kuipeleka kwa mkulima wa viazi mviringo wa Makete hulazimika kupiga hesabu nyingi njiani, na katika kila hesabu pana mwanya wa kukosea.

Mfano ulio wazi kuliko yote unahusu kile kinachoweza kuitwa halijoto ya marejeo. Modeli nyingi, ikiwemo WRF inayotumika sana katika utabiri wa kikanda, hazitunzi halijoto ambayo kipimajoto kingeisoma, bali hutunza halijoto ambayo hewa hiyo ingekuwa nayo kama ingeshushwa, bila kupokea wala kupoteza joto, hadi penye mgandamizo wa hektopaskali 1,000, ambao ni karibu sawa na ule wa usawa wa bahari. Ili kupata halijoto halisi, programu ya uchambuzi huugawa mgandamizo wa mahali husika kwa 1,000, huupandisha kwa kipeo cha 0.286, kisha huzidisha kwa halijoto ya marejeo. Kipeo hicho hukaribiana sana na sehemu mbili za saba, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa kuwa katika lugha za Fortran na C, na katika Python ya kabla ya toleo la tatu lililotoka mwaka 2008, mwandishi akiandika 2/7 kwa namba kamili, bila nukta ya desimali, kompyuta huutupa mkia wa desimali na kujibu sifuri. Namba yoyote iliyopandishwa kwa kipeo cha sifuri ni moja. Programu haisimami wala haitoi onyo, ila huirudisha halijoto ya marejeo kama ilivyo na kuipa jina la halijoto halisi.

Dar es Salaam kosa hilo halionekani. Penye mgandamizo wa hektopaskali 1,010, halijoto ya marejeo ya Kelvin 300 ni sawa na halijoto halisi ya Kelvin 300.85, tofauti isiyofika nyuzi moja, ambayo mchambuzi yeyote angeiona kuwa udhaifu wa kawaida wa modeli. Mwinuko wa mita 2,000, ambao ni wa kawaida Makete, una mgandamizo wa karibu hektopaskali 795 kwa kipimo cha angahewa sanifu, yaani jedwali la wastani linalokubalika kimataifa, na hapo Kelvin 312 za marejeo zinapaswa kushuka hadi Kelvin 292, sawa na nyuzi joto 19 za Selsiasi. Programu yenye hitilafu itasema nyuzi 39. Hakuna aliyewahi kutembea Iwawa kwa koti mwezi Julai atakayehitaji takwimu za kumthibitishia kwamba jibu hilo ni upuuzi. Programu hiyohiyo iliyofaulu pwani imeanguka mlimani bila herufi moja ya msimbo wake kubadilika, kwa sababu pwani hesabu yenyewe ilikuwa karibu haifanyi kazi yoyote, na kisichofanya kazi hakiwezi kuonyesha kwamba kimeharibika.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba nyanda za juu hufichua kila kosa, lakini mambo si mepesi hivyo. Katika faili za WRF, halijoto ya marejeo huandikwa baada ya kupunguzwa 300, ili namba zibaki ndogo, na mchambuzi anatakiwa kuzirudisha hizo 300 kabla ya jambo lingine lolote. Asiyejua atakutana na namba 12 juu ya Makete. Kumi na mbili ni nyuzi joto ambazo mtu wa Iwawa angezikubali bila kusita kuwa ni za asubuhi ya kawaida, wakati maana yake halisi ni zile Kelvin 312 ambazo zingetoa nyuzi 19. Hapa ni pwani inayofichua, kwa kuwa namba hiyo Dar es Salaam ingesomeka kama sifuri au moja, na jiji zima lingecheka. Inafuata kwamba hakuna kituo kimoja kinachotosha kuwa mwamuzi, na kwamba programu inapaswa kujaribiwa katika jozi ya mahali panapotofautiana sana, ili kosa linalopita upande mmoja lizuiwe upande wa pili.

Kundi jingine la hitilafu hutokana na hewa isiyokuwepo. Wanasayansi huisoma angahewa kwa tabaka za mgandamizo: 1,000, 925, 850, 700 na kuendelea juu. Tabaka la hektopaskali 850 liko karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na hutumiwa sana kueleza pepo zinazoleta unyevu Afrika Mashariki. Njombe, Makambako na Makete zote ziko juu ya mwinuko huo, maana yake ni kwamba tabaka hilo kwao liko ndani ya udongo. Hata hivyo baadhi ya hifadhidata huijaza nafasi hiyo kwa namba za kukisia, zinazopatikana kwa kuiendeleza chini ya ardhi hali ya hewa iliyo juu yake, ili ramani isiwe na matundu. Programu isiyoziondoa namba hizo kabla ya kukokotoa itazijumlisha kama hewa ya kweli. Ukubwa wa kosa unaweza kupimwa kwa kalamu. Unyevu wote ulio katika safu ya hewa, ukigeuzwa kuwa kina cha maji, hupatikana kwa kuuzidisha unyevu wa kila tabaka kwa unene wake wa mgandamizo na kugawa kwa mvuto wa dunia. Ikiwa kati ya hektopaskali 1,000 na 795 pamekisiwa unyevu wa gramu 12 kwa kila kilo ya hewa, basi safu hiyo ya kubuni peke yake huongeza milimita 25 za maji juu ya Makete, kiasi ambacho kinaweza kulingana na unyevu wote halali uliopo hapo. Ramani itakayochorwa itauonyesha mlima uliojaa mvuke, na huenda mtu akaandika tasnifu nzima kuueleza.

Usahihishaji wa mwinuko una hatari yake. Kisanduku cha modeli chenye mwinuko wa wastani wa mita 1,500 kinapotumiwa kukadiria halijoto ya shamba lililo mita 2,100, programu hutumia kanuni kwamba hewa hupoa kwa takribani nyuzi 6.5 kwa kila kilomita ya kupanda, na hivyo inatakiwa kupunguza nyuzi 3.9. Mwandishi akigeuza alama, akatoa mwinuko wa modeli katika ule wa shamba badala ya kinyume chake, programu itaongeza nyuzi 3.9, na kosa litakuwa nyuzi 7.8. Usiku ambao modeli imetoa nyuzi 5, jibu sahihi ni nyuzi 1.1, kiwango ambacho kipimajoto kilicho ndani ya kibanda chake kikikisoma, majani yaliyo chini yanaweza kuwa tayari yana sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri inayounguza viazi katika maeneo ya Kitulo. Jibu la programu litakuwa nyuzi 8.9, na tahadhari haitatolewa. Jambo la kusumbua zaidi ni kwamba wastani wa nchi nzima unaweza kubaki mzuri, kwa kuwa vituo vilivyo juu ya visanduku vyao na vilivyo chini yake hufidiana, na ripoti inayotazama wastani pekee itaisifu programu hiyo.

Hitilafu ya alama si ya kubuni wala si ya wanagenzi pekee. Kwa miaka mingi, kundi la Chuo Kikuu cha Alabama mjini Huntsville, likiongozwa na John Christy na Roy Spencer, lilichapisha halijoto ya sehemu ya chini ya angahewa iliyopimwa kwa setilaiti, na mfululizo wao ulionyesha dunia ikipata joto polepole kuliko vipimo vya ardhini. Mwaka 1998 Frank Wentz na Matthias Schabel walionyesha kwamba setilaiti hizo zilikuwa zikishuka taratibu katika njia zake, na kwamba kushuka huko kulizalisha baridi isiyokuwepo. Mwaka 2005 Carl Mears na Wentz waligundua jambo la pili: setilaiti zilipochelewa kupita mahali, zilipima saa tofauti ya siku, na hesabu ya kuondoa athari hiyo ilikuwa imekosewa alama katika tropiki, hivi kwamba ilikuwa inazidisha kile ilichokusudiwa kukiondoa. Christy na Spencer walikubali na kurekebisha, na kasi ya ongezeko la joto ikapanda kutoka takribani nyuzi 0.09 hadi 0.12 kwa muongo. Katika historia hiyo, ugunduzi ulitoka kwa kundi jingine lililoanza na data ileile ghafi na kupita njia yake lenyewe, jambo ambalo halijapata mbadala hadi sasa. Sababu ni kwamba anayeisoma upya kazi yake mwenyewe huona alichokusudia kuandika, si alichoandika.

Mvua hukosewa zaidi kwa saa kuliko kwa fizikia. WRF hurundika mvua tangu mwanzo wa kuendeshwa kwake, kwa hiyo mvua ya siku hupatikana kwa kutoa jumla ya jana katika jumla ya leo. ERA5-Land, hifadhidata ya nchi kavu yenye visanduku vidogo zaidi, hurundika tangu usiku wa manane kwa saa za kimataifa za UTC, na jumla ya siku nzima huandikwa kwenye saa sifuri ya siku inayofuata, tena kwa mita badala ya milimita. Mchambuzi anayejumlisha saa zote 24 huhesabu maji yaleyale mara nyingi, na anayechukua saa sifuri bila kurudi nyuma siku moja huisogeza mvua yote mbele. Vituo vya Tanzania navyo husoma kipima mvua saa tatu asubuhi, ambayo ni saa 6 kwa UTC, na maji yaliyomo ni ya saa 24 zilizopita. Mswahili, aliyezoea kuita saa tatu kile ambacho simu yake inakiita saa tisa, labda ndiye angepaswa kuwa wa mwisho kunaswa na mtego huu. Kosa la siku moja haliathiri sana jumla ya mwezi, na ndiyo sababu hudumu, lakini huvuruga ulinganisho wa siku kwa siku na vituo, na husogeza tarehe za kuanza kwa msimu na za vipindi vikavu katika ukanda ambao una msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili au Mei, na ambao mkulima wake hana vuli ya kumfidia. Kalenda nazo huleta matatizo ya aina hiyo, kwa kuwa modeli kadhaa za Kituo cha Hadley cha Uingereza huhesabu mwaka wa siku 360, wenye miezi ya siku 30 kila mmoja, na programu inayozilazimisha kuingia katika kalenda ya kawaida hukutana na tarehe 30 Februari na kuachwa iamue yenyewe la kufanya.

Makambako, inayotajwa kwa muda mrefu pamoja na Singida kuwa na upepo wa kufaa kuzalisha umeme, huongeza mfano mfupi lakini wenye gharama. Nguvu ya upepo hutegemea uzito wa hewa na kasi iliyopandishwa kwa kipeo cha tatu. Programu nyingi huja na uzito wa hewa wa kilo 1.225 kwa mita ya ujazo, ambao ni wa usawa wa bahari, wakati katika mita 1,700 angahewa sanifu ina kilo 1.04 tu, hivyo asiyeibadilisha namba hiyo hujihesabia umeme unaozidi wa kweli kwa karibu asilimia 18. Wastani wa mwelekeo nao hudanganya, maana upepo wa digrii 350 na wa digrii 10, ambao wote hutoka kaskazini, ukitafutiwa wastani wa kawaida hutoa digrii 180, yaani kusini kamili.

Kati ya sababu zote zinazorefusha maisha ya hitilafu hizi, iliyo nzito zaidi pengine ni ile inayofanywa kwa nia njema. Matokeo ya modeli kwa kawaida husawazishwa na vipimo vya vituo kabla ya kutumiwa, kwa kuondoa tofauti ya wastani kati ya viwili hivyo. Zoezi hili ni halali, kwa kuwa modeli zina mapungufu yasiyoepukika, lakini halijui kutenganisha pungufu la modeli na kosa la programu. Zile nyuzi 39 za Iwawa zikisawazishwa, nyuzi 20 za ziada zitaondolewa kimyakimya na wastani utakuwa sahihi kabisa. Hitilafu haitakuwa imetoka, kwa sababu halijoto ya marejeo katika mwinuko ule huzidi ile halisi kwa kuzidishwa na 1.07 hivi, na uwiano huo hubaki katika kila badiliko: tofauti ya usiku na mchana itatanuka kwa asilimia 7, na ongezeko la joto la nyuzi 2 hadi mwisho wa karne litasomeka kama 2.14. Kosa lililokuwa linapiga kelele limenyamazishwa na kuhamia mahali ambapo hakuna kituo cha kulipinga, yaani wakati ujao. Kwa hiyo matokeo ghafi yanapaswa kukaguliwa kabla ya kusawazishwa, na tofauti ya nyuzi 20 isichukuliwe kamwe kuwa jambo la kusawazisha.

Marekebisho yenyewe, katika msimbo, mara nyingi ni herufi chache. Katika mfano wa kipeo ni nukta moja. Kazi iko pembeni mwake. Anayerekebisha hulazimika kwanza kulizalisha kosa upya katika hesabu ndogo kabisa inayoweza kufuatwa kwa kalamu, kisha kuandika jaribio ambalo hushindwa kwa msimbo wa zamani na kufaulu kwa mpya, jaribio ambalo hubaki ndani ya programu na kuendeshwa kila inapobadilishwa, ili kosa lisirejeshwe na mrithi. Maktaba za msimbo kama MetPy ya Unidata hupunguza mzigo huu kwa kulazimisha kila namba itembee na kipimo chake, hivyo paskali haziwezi kupita zikijiita hektopaskali. Haziwezi, hata hivyo, kutambua alama iliyogeuzwa, wala siku iliyosogezwa, kwa kuwa vipimo vyake viko sawasawa.

Baada ya msimbo hubaki matokeo yaliyokwisha kutoka, na hapo ndipo taasisi hupimwa. ECMWF ilipoona kwamba ERA5 ilionyesha baridi kupita kiasi katika stratosfea, tabaka lililo juu ya lile la mawingu, kwa miaka ya 2000 hadi 2006, ilikokotoa upya miaka hiyo na kuitoa kwa jina lake, ERA5.1, bila kuibadilisha ya zamani kwa siri, na kila mtafiti anaweza kusema alitumia ipi. Mwaka 2007 Steve McIntyre wa Kanada alipobaini mruko wa Januari 2000 katika halijoto za Marekani zilizochapishwa na taasisi ya GISS ya NASA, mruko uliotokana na kuunganisha vyanzo viwili visivyolingana, taasisi hiyo ilirekebisha mwezi Agosti mwaka huohuo. Miaka ya baada ya 2000 ilishuka kwa takribani nyuzi 0.15 katika wastani wa Marekani, huku wastani wa dunia ukibaki karibu palepale. Ukweli huo wa mwisho haukuzuia mabishano makubwa ya kisiasa, jambo linalofundisha kwamba tangazo la marekebisho linapaswa kueleza mara moja kosa limegusa nini na halijagusa nini.

Nchini Tanzania, ambako Mamlaka ya Hali ya Hewa inafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2019, na ambako watafiti wa vyuo vikuu na kituo cha kikanda cha ICPAC cha Nairobi huchambua modeli zilezile kwa programu tofauti, uwezo wa kukaguana tayari upo. Kinachopungua ni desturi ya kuuchapisha msimbo pamoja na matokeo, na vituo vya kutosha katika milima ya kusini vya kuyapinga matokeo hayo yanapokosea. Hifadhidata za mvua zinazochanganya setilaiti na vituo, kama CHIRPS, haziwezi kuliziba pengo hilo kikamilifu, kwa sababu kituo kilichotumiwa kuzitengeneza hakiwezi kuwa shahidi huru dhidi yake. Wanaoandaa programu za uchambuzi kwa matumizi ya nchi hii wanaombwa basi waweke katika majaribio yao, kabla ya toleo lolote kutoka, angalau mahali pawili, Dar es Salaam na Iwawa, na kila wanaporekebisha hitilafu watangaze ni ramani na ripoti zipi za nyuma zinapaswa kukokotolewa upya.